Herufi Kubwa za Bibi

Nimeandika kwenye daftari hili mara tatu kwamba sitaigusa tena kompyuta ya bibi, na mara tatu nimeigusa. Ukurasa wa Jumatatu niliuandika kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Leo nimetulia kidogo, kwa hiyo nataka kuandika habari yote tangu mwanzo, pamoja na uongo wangu, maana nikiuacha uongo haitaeleweka kwa nini kazi ya dakika tano ilinichukua wiki nzima.

Bibi yangu mzaa baba anaishi na sisi Handeni mjini tangu macho yake yalipoharibika. Zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kwaluguru. Ana presha ya macho. Daktari alisema kilichokwenda hakirudi, tulinde kilichobaki, na kilichobaki ni kama kuchungulia kwenye tundu la kitasa. Anaona kitu kimoja kikiwa kikubwa na kikiwa mbele yake, tena kiwe cha njano juu ya cheusi. Karatasi nyeupe inamuumiza. Anasema ni kama kutazama bati jipya saa saba mchana.

Bibi hajawahi kuniita kwa jina. Mimi nilipewa jina la mama yake babu, yaani mama mkwe wa bibi, na kwetu mwanamke aliyeolewa hamtaji mkwe wake. Hamtaji baba mkwe, hamtaji mama mkwe, wala ndugu zao waliozaliwa nao tumbo moja. Hakuna anayemshikia fimbo. Ni adabu aliyoingia nayo kwenye nyumba ile akiwa msichana, na imemkaa mdomoni. Kwa hiyo ananiita mke mwenzangu, kama bibi wengine wanavyotania wajukuu wao wa kike, ila wenzangu wanaitwa hivyo siku za utani tu, mimi naitwa hivyo hata nikiwa naumwa malaria. Baba anasimulia kwamba hata darasani, bibi akiita mahudhurio, mtoto mwenye jina la mkwe hakumtaja. Alimwita "wewe wa dirishani" au "namba kumi na nne." Watoto hao walidhani wanapendelewa.

Sasa, kila mwaka mwezi wa Shaabani ukoo wetu unakutana Sindeni kwa shangazi kufanya dua ya kuwarehemu wazee. Sheikh anapewa karatasi yenye majina ya marehemu wote, anayasoma moja moja, watu wanaitikia, kisha dua. Karatasi hiyo alikuwa anainakili babu kutoka kwenye daftari lake. Babu alipofariki tukalikuta daftari limeliwa na mchwa, yamebaki majalada mawili na vumbi katikati. Mwaka jana shangazi akaandika aliowakumbuka yeye. Bibi alikaa upande wa wanawake akasikiliza mpaka mwisho, na wakati tunarudi nyumbani akasema, kama anaongea na kioo cha gari, "Wameachwa kumi na mmoja."

"Akina nani, bibi?" nikamuuliza.

"Wakwe zangu. Ndugu zake baba yake babu yako, na wale wa upande wa mama. Wengine walikufa wadogo."

"Si ungemtajia shangazi?"

"Nimtajie kwa mdomo upi?"

Hakuna mwingine wa kuulizwa. Waliokuwa wakubwa wakati bibi anaolewa pale wameshakufa wote, na waliokuwa watoto hawakumbuki. Amebaki yeye peke yake anayewajua, na yeye ndiye asiyeweza kuwataja. Nilimwambia basi aninong'oneze. Akasema ulimi ni ulimi, kunong'ona ni kutaja kwa woga. Lakini kuandika siyo kutaja. Hilo alishaliamua tangu enzi za mahudhurio, maana majina yale darasani aliyaandika bila tatizo.

Akajaribu kwa maka peni kwenye karatasi ya manila. Mistari ikapandana, jina juu ya jina, na yeye mwenyewe hakuweza kusoma alichoandika. Aliikunja ile manila akaisukuma chini ya kitanda, akasema tu, "Basi."

Ndiyo tukafika kwenye kompyuta. Baba mdogo alitupa yake ya mezani, nzee, inayokoroma ikiwashwa. Baba na mimi tukaipeleka Korogwe kwa fundi mmoja ambaye watu walimsifia, na fundi akaiwekea Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, akasema mashine ikizeeka hiyo ndiyo inayoibeba bila kuichosha. Baba akamweleza habari za macho ya bibi. Fundi akakaa nayo mchana kutwa. Akaweka kikuza, yaani sehemu ya skrini anayoiangalia bibi inapanuka inajaa kioo chote, inamfuata anapoandika. Akaigeuza iwe nyeusi na herufi za njano. Mshale wa mausi akaufanya mkubwa kama kiganja. Bibi alisoma taipureta chuo cha ualimu, vidole vyake vinajua herufi zilipo, kwa hiyo alichokosa ni kuona tu. Siku ya kwanza alipoandika jina lake mwenyewe na akalisoma, aliliandika tena mara nane.

Baada ya hapo akawa anafunga mlango kila siku baada ya chai ya saa kumi. Sisi majina mengine yote tulishayaandika, nilimchapia mimi. Haya kumi na moja alitaka ayaandike akiwa peke yake. Alisema mtu akiwa anatazama, anaona kama anayatamka. Wiki mbili kabla ya dua alikuwa ameshaandika saba. Anaandika moja, anakaa siku mbili, anakumbuka lingine.

Hapa ninapaswa kueleza kuhusu fundi, maana ndiyo asili ya balaa. Fundi ni Msambaa, na Wasambaa na sisi Wazigua ni watani. Tangu tulipoingia kwenye kibanda chake hakusema neno moja lililonyooka. Alimwambia baba kwamba kompyuta ikikaa Handeni itakufa kiu. Aliniuliza mimi kama nimewahi kuona mto. Mtani anatakiwa ajibiwe, mimi sijui kujibu. Mtu nisiyemzoea akinisemesha natazama miguu yangu, halafu jibu zuri linakuja nikiwa nimeshafika nyumbani, navua viatu. Fundi akaona sijibu, akazidi. Wakati tunaondoka akaniambia, "Sikia wewe Mzigua. Hii mashine siku ikikuuliza kama iondoe vitu, useme hapana. Nawajua nyie. Mkiulizwa lolote mnaitikia ndiyo, ili aliyeuliza aondoke mkalale."

Baba akacheka. Mimi nikatazama miguu. Na maneno yale nikayaweka pamoja na yale ya kufa kiu na ya mto.

Kosa lenyewe lilitokea Jumamosi. Kila bibi alipowasha kompyuta kulikuwa kunatokea kidirisha kinachosema kwa Kiingereza kwamba toleo jipya lipo tayari. Kwangu mimi kilikuwa kidirisha kidogo pembeni. Kwake yeye, na kile kikuza, kilikuwa ukuta. Kinajaa skrini yote, hajui kimetokea wapi wala pa kukibonyeza, ananiita, nakuja, nakifunga. Kesho yake tena. Nikaona nikubali hilo toleo jipya ili yaishe. Nikachukua intaneti kwenye simu ya mama, nikabonyeza kukubali, na mashine ikakoroma tangu baada ya adhuhuri mpaka karibu na alasiri. Nilikuwa najisikia fundi. Nilifagia uwanja huku nikirudi kuchungulia mstari unavyojaa.

Mwishoni ikauliza. Naikumbuka vizuri, nikifumba macho naiona. Ilisema kuna vitu ambavyo havihitajiki tena, je, iviondoe? Chini kulikuwa na orodha ndefu ya majina nisiyoyajua. Nikamkumbuka fundi. Wallahi nilimkumbuka. Nikatabasamu kabisa, nikasema Msambaa huyu na utani wake. Nikabonyeza ndiyo.

Ilipowaka tena ilikuwa nyeupe. Herufi zimekuwa kama sisimizi. Kikuza hakipo, weusi haupo, umebaki mshale mkubwa peke yake unazunguka kwenye weupe. Nikatafuta alama ya setingi, ile ya gurudumu lenye meno. Haipo. Nikaandika neno lenyewe kwenye sehemu ya kutafutia, ikasema hakuna kitu. Nikabonyeza kitufe cha kulia cha mausi, pakatokea neno la mipangilio ya skrini, nikalibonyeza, halikufanya kitu. Halikukataa hata. Nikalibonyeza tena kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Bibi akaingia na kikombe chake cha chai, akakaa kwenye kiti.

"Mke mwenzangu, umeiwasha?"

"Nimeiwasha, bibi."

"Mbona inanichoma?" Akaweka mkono usoni. "Izime. Izime kwanza."

Nikaizima. Akauliza kimetokea nini. Nikasema ni toleo jipya, bado linajipanga. Akasema sawa. Akanywa chai yake pale pale mbele ya kioo cheusi, na dua ilikuwa Jumapili ya wiki inayofuata.

Jumapili nilishinda nayo. Nilikuza maandishi ndani ya ile programu ya kuandikia, yakakua, lakini karatasi ilibaki nyeupe. Nikaigeuza karatasi iwe nyeusi, ikawa nyeusi katikati, na pembeni pote kukabaki kweupe kama mwanzo. Bibi alitazama mara moja akageuza uso. Nikatafuta msaada kwenye simu ya mama. Watu waliopata shida kama yangu ni wengi, na majibu ni mengi, na karibu kila jibu nililolisoma lilianza hivi: fungua mipangilio. Nifungue mipangilio! Ningekuwa nayo ningekuwa nalia nini? Ni kama mtu amepoteza funguo za nyumba, unamwambia zipo mezani ndani, aingie akazichukue. Shuleni nimechora sehemu za kompyuta na kuzipaka rangi, nikapata alama nzuri. Hakuna sehemu niliyochora iliyonisaidia.

Jumatatu, nilipotoka shule, mama akaniambia kwa nini nisimpigie fundi. Nikasema nitampigia. Nikaosha vyombo. Nikakunja nguo. Nikaanua hata nguo mbichi. Mama akabonyeza namba mwenyewe akanipa simu inaita.

"Shikamoo fundi," nikasema.

"Marahaba. Nani huyo ananong'ona kama mwizi wa kuku?"

"Mimi wa Handeni. Wa kompyuta ya bibi."

"Ahaa! Mzigua! Mvua imenyesha huko au bado mnagawana umande?"

Mama alikuwa ananitazama. Nikasema haraka haraka kwamba niliipa toleo jipya na setingi zimepotea.

"Ikakuuliza kama iondoe vitu," akasema. Hakuwa ameuliza, alisema tu, na nilisikia anaanza kucheka. "Ukaitikia ndiyo. Sema kweli."

Hapa ndipo uongo ulipoingia. Nilimwona kichwani anageukia watu waliokaa kwenye benchi lake anawaambia, si niliwaambia Wazigua? Masikio yangu yakapata moto.

"Hapana," nikasema. "Haikuniuliza."

Akaacha kucheka. "Haikukuuliza?"

"Haikuniuliza."

"Basi setingi zipo, zimeharibika tu." Sauti yake ikawa ya kazi, bila utani, na hiyo ilinitisha zaidi. Akanielekeza kufungua dirisha jeusi ambalo mashine hupokelea amri, akanisomea amri ya kuandika humo, neno kwa neno, nikaiandika nyuma ya daftari la jiografia. Akasema hiyo itazirudisha zote zilivyokuwa siku mashine inazaliwa, halafu nitazipanga upya kwenye setingi. Nilijua kuna kasoro. Alisema nitazipanga kwenye setingi, na mimi nilijua setingi hazipo kabisa, na nilijua kwa nini. Lakini nikasema ahsante nikakata simu.

Nikaandika ile amri. Dirisha jeusi halikujibu kitu, likaenda tu mstari wa pili. Na mshale mkubwa, kitu pekee cha bibi kilichokuwa kimebaki, ukasinyaa mbele ya macho yangu ukawa kama punje ya mchele. Hiyo ndiyo siku kalamu ilitoboa karatasi.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa sababu bibi hakulalamika. Angenigombeza ningepata pa kushika. Baada ya chai aliingia chumbani mle akakaa kwenye kiti, mashine imezimwa, na vidole vyake vikawa vinatembea kwenye kibodi. Nilisimama mlangoni nikasikia vitufe vinalia. Nikajua anayaandika yale manne yaliyobaki, ili asiyasahau, kwenye kompyuta isiyowaka.

Jumatano alinishika mkono tukiwa jikoni. "Mke mwenzangu, kile kitu kikishindikana, shangazi yako ampe sheikh yale ya mwaka jana. Mungu anawajua."

"Haitashindikana, bibi."

"Nakwambia tu."

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo. Kisha nikamuuliza kama kitunguu kinatosha.

Ijumaa, nilipotoka shule, usingizi wa mchana uligoma. Nilikuwa nahesabu: tukiikosa Jumapili, dua nyingine ni mwakani, na macho ya bibi mwakani sijui yatakuwaje. Nikamwambia mama nataka kwenda Korogwe kesho na sipiyu, lile boksi la kompyuta. Mama akashangaa. Mimi sijawahi kuomba kwenda mahali. Hata dukani huwa naomba niandikiwe kwenye karatasi ili nisiongee. Akasema, "Peke yako?" Nikasema peke yangu, baba yupo safarini na fundi anahitaji kuelezwa na aliyekuwepo. Sikusema zaidi. Mama akanifungia sipiyu kwenye kanga yake kuukuu, akafunga mafundo mawili, nikaondoka na gari la asubuhi nimeipakata mapajani. Kila tulipopita tuta niliiinua kidogo kwa mikono ili isigongwe.

Kibanda cha fundi kipo karibu na soko. Alikuwa na wanaume wawili kwenye benchi, mmoja anamenya chungwa. Aliponiona akasimama.

"Jamani, sogeeni! Mzigua kabeba maiti ya kompyuta. Mmeshaiswalia?"

Wale wawili wakacheka. Nikaweka sipiyu mezani. Nikatazama miguu, viatu vyangu vya shule vimejaa vumbi la njiani, na nikaona nikiendelea kuvitazama nitarudi Handeni kama nilivyokuja.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba. Ile amri ilifanya kazi?"

"Ilimalizia vilivyobaki."

"Haiwezekani. Labda kama setingi zenyewe hazipo. Na haziwezi kutoka zenyewe, mpaka mtu..." Akanitazama. "Nilikwambia nini siku ile? Ukiulizwa?"

"Niseme hapana."

"Ukasema nini?"

Sijui ilitoka wapi. Pengine ilikuwa imekaa tumboni tangu Jumatatu. Nikasema, "Sisi Wazigua tukikaribishwa hatukatai. Ni nyie Wasambaa mnaulizwa kama mna njaa, mnasema mmeshiba, halafu macho yenu yanabaki kwenye sufuria."

Yule wa chungwa akapiga goti lake. "Amekupata! Wallahi amekupata! Jana si ulikuwa kwangu hivyo hivyo?"

"Kumbe ana mdomo!" fundi akasema, anacheka mpaka kashika meza. "Na siku zote hizo ulikuwa umeuficha wapi?"

Nikaona nikisubiri wamalize kucheka nitaogopa tena. Nikasema huku bado wanacheka, "Niliitikia ndiyo. Na Jumatatu nilikudanganya."

Akaacha kucheka taratibu. Hakunitania. Afadhali angenitania. Alivuta kiti, akachomeka nyaya, akasema bila kunitazama, "Ungeniambia Jumatatu ilikuwa kazi ya simu. Maneno manne. Usingepanda gari, usingebeba hili dude, na wala nisingekupa ile amri ya kufuta. Mimi nikisema jambo la kazi, hata likiwa na utani, ni la kazi. Utani ni mfuko tu. Unga upo ndani."

"Nilidhani mfuko mtupu," nikasema.

"Njoo uandike mwenyewe."

Akanifungulia dirisha jeusi. Maneno manne kweli. La kwanza la kuomba ruhusa, la pili la kuita ghala la programu, la tatu la kusema sakinisha, la nne ndilo jina la setingi zenyewe, refu, lenye vistari viwili katikati. Niliandika kwa kidole kimoja. Mashine ikaandika mistari mingi, na katikati ya ile mistari kukawa na ile orodha yenyewe, imefupika sasa, na maneno yale yale ya kwamba vitu vifuatavyo havihitajiki tena.

Fundi akaigonga skrini kwa ukucha. "Unaona? Inasema havihitajiki. Nani kaiambia? Yenyewe inajua hakuna programu nyingine inayoviita. Haijui kama kuna mtu anavitumia."

Mistari ikaisha. Yule wa chungwa alikuwa hajamaliza chungwa lake. Gurudumu lenye meno likawa limerudi mahali pake, kana kwamba halikwenda popote, na mimi badala ya kufurahi nilipandwa na hasira. Wiki nzima. Bibi na vidole vyake kwenye mashine iliyozimwa. Maneno manne!

Na hata hapo haikuwa imeisha. Fundi alinieleza kwamba setingi zimerudi lakini zimerudi tupu, hazikumbuki bibi alikuwa anapendaje, na yeye hakumbuki aliweka vipimo gani siku ile. "Kazipange kwa macho ya bibi yako, siyo kwa macho yako," akasema. Akanisindikiza mpaka stendi amebeba sipiyu yeye. Njia nzima alinitukania ukoo mzima, na mimi nikamjibu mara mbili. Ya pili haikuwa nzuri sana.

Nilifika nyumbani alasiri. Bibi alikuwa ameshakaa kwenye kiti. Nikaunganisha nyaya, nikafungua mipangilio, nikaanza.

"Hapo?"

"Bado."

"Hapo?"

"Ongeza. Wewe unaogopa nini? Ongeza."

Nikaongeza mpaka herufi moja ikajaa kioo. Akasema sasa imezidi, anataka herufi, hataki nyumba. Nikapunguza. Weusi ulikubali haraka. Njano ilitusumbua, kwa sababu njano ya kwanza ilikuwa kali na ya pili ilikuwa kama kutu, na kila nilipobadilisha moja kikuza kiliruka kikaenda pembeni ya skrini na bibi akawa anatazama kipande cha ukuta mweusi. Nikapiga meza kwa kiganja. Bibi akasema, "Mke mwenzangu, mashine haisikii."

Nikamwambia pale pale, nimemgeuzia mgongo, macho kwenye skrini. Kwamba fundi alinikanya, kwamba niliitikia ndiyo, kwamba nilimdanganya fundi, na yeye bibi nikamdanganya. Kikuza kikakubali kukaa katikati wakati nikiwa bado nasema.

"Na mimi darasani niliwahi kufuta ubao ambao mwalimu mwenzangu alikuwa ameandika mtihani," bibi akasema. "Nikasema ni upepo."

"Upepo unafuta ubao?"

"Ndiyo hivyo nilivyoulizwa. Toka sasa, funga mlango."

Nikatoka. Nikakaa barazani nachambua mchele wa dua. Vitufe vilianza kulia, vikanyamaza, vikalia tena. Mara moja vilinyamaza muda mrefu sana nikasema basi, imezima. Nilishasimama viliporudi. Jua lilikuwa limeshafika nyuma ya nyumba ya jirani aliponiita.

"Njoo uweke kwenye flashi ikachapwe. Tazama kwanza kama yamekaa sawa, lakini usisome kwa sauti nikiwa hapa."

Yalikuwa kumi na moja. Juu yake, kabla ya hayo kumi na moja, alikuwa ameandika majina ya baba mkwe na mama mkwe wake upya, ingawa hayo mimi nilishayachapa kwenye orodha ile nyingine na hakuna aliyeyasahau. Alitaka ayaandike yeye. Kikuza kilikuwa kimesimama kwenye jina la mama mkwe. Jina langu, la njano, refu kama mkono wangu, limejaa kioo kutoka ukingo mpaka ukingo. Mshale, ule mkubwa kama kiganja, ulikuwa umekaa juu ya herufi mbili za katikati.

Nikausogeza.

"Limekaa sawa?" bibi akauliza.

"Limekaa sawa, bibi."